Nipo mwaka wa pili Maendeleo ya Jamii, nataka kazi za mashirika, mzee anasema najipeleka shimoni

BintiFildi

Habari za humu wakuu, wakubwa shikamooni. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya muda mrefu ila leo nafungua uzi maana kichwa kimejaa.

Nasoma digrii ya Maendeleo ya Jamii, mwaka wa pili, chuo sitakitaja. Nyumbani mzee ni mwalimu mstaafu, kwake yeye kazi ni serikalini, cheki namba, mkopo wa benki, pensheni, basi. Tangu Januari 2025 Trump alipofunga bomba la misaada ndo kapata hoja ya kunimalizia, kila nikirudi likizo ananiambia hao wenyewe wanafunga ofisi wewe unaenda kuomba kazi kwa nani. Na kweli mtaani kwetu kuna kaka alikuwa kwenye mradi wa ukimwi, tulikuwa tunamuona mtu wa maana, sasa hivi anauza vifaranga.

Ila fildi ya mwaka huu imeniharibu. Nilipangiwa kata moja Babati vijijini, nikawa nafuatana na shirika moja linalosimamia vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kuna kikundi cha wanachama 28, wengi akina mama, wanakutana kila Alhamisi saa 9 chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji. Sanduku lao la bati lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Sasa Alhamisi moja ikaja gari na mgeni wa mfadhili, yule afisa wa shirika akataka sanduku lifunguliwe wapige picha. Mama mwenyekiti akasema ufunguo wa tatu uko msibani Magugu, leo halifunguliwi. Afisa akasihi, akacheka cheka, mwisho akasema si tuite fundi akate hilo kufuli mama, tutawanunulia lingine. Yule mama wala hakupandisha sauti, akamwambia "mwanangu, ukikata leo kwa picha, kesho nitamzuiaje mume wa mtu asikate kwa ulevi". Mgeni kapigwa picha na sanduku limefungwa.

Alhamisi iliyofuata likafunguliwa nikakaa na mweka hazina kuhesabu. Hisa moja 2,000, mtu ananunua kuanzia moja mpaka tano, pembeni kila mtu anatoa 500 ya mfuko wa jamii. Tukapungukiwa 3,500. Nkasema si ndogo tu tuendelee, wakaniangalia kama nimetukana. Tumehesabu mpaka giza linaingia, tochi ya simu, kumbe watu saba hawakutoa ile 500 na karani alishawatiki. Nilivyorudi geto siku hiyo nikajua hii ndo kazi nataka kufanya maisha yangu.

Sasa naombeni mawazo, mimi sitaki matusi. Bado kuna kazi huko kwenye mashirika au mzee yuko sahihi? Nijifunze nini nje ya darasa? Na hii habari ya kujitolea bure mwaka mzima kupata uzoefu ni sawa au ni kutumikishwa?

kapuku01

Natia nanga, ngoja wajuzi waje. Ila huyo mama apewe Wizara ya Fedha.

Kijiti

Mashirika yote ulaji tu mdogo wangu. Semina, maji ya chupa, maandazi, picha, posho, ripoti. Ukitaka kusaidia jamii fungua duka kijijini uza sukari bei ya kawaida.

Mstaafu wa Landcruiser

Kijiti tulia kwanza nitakurudia.

Binti marahaba. Mimi ndo kama huyo kaka wa vifaranga wa mtaani kwenu, tofauti yangu mimi vifaranga vilikufa. Nimefanya miradi ya afya Kanda ya Ziwa miaka 11, acha nikueleze ilivyokuwa maana watu wanasimulia kwa juu juu.

Ile amri ya Trump ilitoka siku ile ile aliyoapishwa, Januari 20, kwamba misaada isimame siku 90 kwanza ipitiwe. Sisi tukasema siku 90 si mbaya, tutakunywa chai ofisini. Wiki haijaisha imeili ikaja kwamba simamisha kila kitu, hata mafuta usijaze. Siku hiyo tulikuwa na gari liko njiani linaelekea visiwani kwa wavuvi, nikampigia dereva nikamwambia geuza, akaniuliza mara mbili, "bosi nigeuze na dawa humu?" Hilo swali nalisikia mpaka leo. Waelimishaji rika wetu, wale vijana wa kijijini tuliokuwa tunawapa posho kidogo, waliendelea kutembelea wagonjwa karibu mwezi mzima bila kulipwa maana mgonjwa anakujua wewe, hajui bajeti ya Washington. Na ilivyofika Julai 1 mwaka ule ule USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani lililokuwepo tangu 1961, ikaacha kuendesha miradi, vilivyobaki vikahamia Wizara yao ya Mambo ya Nje.

Sasa nilichojifunza kwa kuumia ni hiki, mimi miaka yote nilikuwa najiita mfanyakazi wa shirika kumbe ni mfanyakazi wa mradi. Mkataba wangu ulikuwa unafuata mradi, mradi ukifa na mimi nimekufa hata kama jengo la ofisi lipo na bendera inapepea. Kwahiyo ukiitwa intaviu usiwe unaulizwa tu na wewe uliza, mshahara wa nafasi hii unatoka mfuko gani, mfadhili ni mmoja au wengi, mradi unaisha lini. Kuna mashirika yana michango ya watu wa kawaida, mengine yana biashara ndani yake, BRAC kwa mfano wale wa Bangladesh walioanza 1972 wanakopesha watu na wanaendesha biashara zao, hawategemei bakuli tu. Sikwambii uende huko, nakwambia angalia mfuko.

Kingine, ofisi yetu ilivyofungwa nilikuwa naangalia nani anapata kazi kwanza. Muhasibu alikaa wiki tatu tu. Mtu wa manunuzi akafuata. Kijana wa takwimu akachukuliwa na kiwanda wala si shirika. Dereva akapata. Sisi wenye vyeo vya "mratibu" na "afisa uhamasishaji" ndo tulibaki tunaforwadiana matangazo ya kazi kwenye grupu la WhatsApp mpaka tukachokana. Nilikuwa najua kuratibu lakini ukiniambia onesha mkononi una nini, sina. Niliokolewa na Eksel niliyojifunza kwa shida, sasa hivi niko AMCOS moja ya pamba, chama cha ushirika cha wakulima, natunza kumbukumbu za wakulima, hela si ile, ila nalala nyumbani.

Na wewe umeshaanza vizuri bila kujua, hiyo 3,500 uliyoitafuta kwa tochi ndo uhasibu wenyewe na ndo ufuatiliaji wenyewe.

Mstaafu wa Landcruiser

Kijiti sasa zamu yako. Maandazi kweli yapo, na mimi nimekula mengi. Kuna warsha nimekaa siku tatu hotelini Mwanza tunajadili neno moja la kwenye malengo. Sikatai. Lakini mke wa mdogo wangu alijifungua mtoto hana virusi kwa sababu ya dawa zilizolipiwa na huo ulaji, PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa ukimwi, ilianza 2003, kabla ya hapo tulikuwa tunazika kila wiki, uliza wakubwa zako. Sema wanaokula, usiseme wote.

Kijiti

Nimekusikia mzee. Nabaki na maandazi yangu lakini nimekusikia.

AMJ_Kata

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata, naandika kwa niaba ya upande wa mzee wako maana naona anasemwa pekee yake.

Binti, mzee hajakosea kwamba serikalini kuna usalama, mshahara wangu unaingia. Ila asikudanganye mtu kwamba huku ni mteremko. Mimi nashika kata mbili, mwenzangu alihama hakuletwa mwingine. Pikipiki ipo, mafuta ni ya kwangu. Kazi kubwa sasa hivi ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na hapo ndo utaijua jamii. Kikundi kinasajiliwa Jumatatu, wana katiba ya kukopi stationari, ukiwauliza mwenyekiti nani wanaangaliana. Hela ikitoka wanagawana wanapotea, mimi ndo naenda kugonga milango na mtendaji. Ukikuta kikundi kama hicho chako cha kufuli tatu, ambacho kilikuwepo kabla ya mkopo, unataka kulia kwa furaha.

Halafu hizi si njia mbili kama mnavyozitenga. Shirika likija kwenye kata yangu linaanza na barua kwa mkurugenzi, barua inashuka kwangu, mimi ndo nawapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Wale wale akina mama wanaitwa na shirika Jumanne na mimi nawaita Jumatano, wanachoka. Kwahiyo popote utakapoangukia utafanya kazi na mwenzio wa upande wa pili, jifunze kuwaheshimu. Omba kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, nafasi zikitangazwa, huku unaendelea na mengine. Foleni ni ndefu, usikae nyumbani kuisubiri.

kapuku01

Pikipiki ipo mafuta ya kwangu, hii ni taifa zima 😂

Mama Andiko

Haya mimi nimekuja kwa lile swali la kujitolea maana linaniwasha.

Mdogo wangu, mimi nilijitolea miezi 14 kwenye shirika moja hapa Dar, nikiambiwa bajeti mpya ikija wewe ni wa kwanza. Nauli yangu Mbagala kwenda Mikocheni na kurudi natoa mimi, chakula changu, bando langu. Bajeti ikaja, akaajiriwa mpwa wa mtu, mimi nikaombwa nimfundishe kazi. Nikamfundisha, tena vizuri, mpaka leo sijui kwanini. Kwahiyo nakwambia, kujitolea sawa ila iwe kwenye karatasi: kuanzia lini mpaka lini, unafanya nini, nani anakusimamia, nauli na chakula nani anatoa, na mwisho utapewa barua inayosema ulifanya nini hasa. Miezi mitatu, ikizidi sana sita. Wakikataa kuandika, hao hawatafuti mtu wa kujitolea, wanatafuta kibarua wa bure. Na anayekwambia tuma hela ya fomu au ya "mafunzo" ndo upate kazi ya shirika, huyo ni tapeli, mtoto wa ile hela tuma kwenye namba hii, mblok.

Kitu kingine chuoni hawafundishi, jua shirika ni nini kisheria. Kuna kikundi cha kijamii kinachojulikana halmashauri, kuna shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002 lenye msajili wake kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, na linaweza kusajiliwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kuna jumuiya za Mambo ya Ndani, kuna bodi za wadhamini zinazosajiliwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Ukijua hilo unajua hata wakikuajiri wanawajibika kwa nani, na ukiona shirika halijawahi kupeleka ripoti ya mwaka kwa msajili hilo usilizoee.

Cha tatu, kuandika. Mimi sasa hivi naishi kwa kuandika maandiko ya miradi na ripoti, na siri yake haipo kwenye Kiingereza kizito kama mnavyodhani. Ni kuona. Hicho kisa chako cha kufuli, mimi nimesoma maandiko ya kurasa 40 kuhusu kuwezesha wanawake kiuchumi sijakuta sentensi yenye uzito kama ya yule mama. Kaa uandike ukurasa mmoja, wanachama wangapi, hisa bei gani, walikusanya kiasi gani kwa mzunguko, wamekopeshana nani kafanyia nini, kimeharibika nini. Ukurasa mmoja tu wenye namba za kweli, nenda nao kwenye intaviu badala ya kusema "nina shauku ya kusaidia jamii", hiyo shauku kila mtu anayo kwenye sivii.

Na ukiwa Dar siku ya Jumatano pita TGNP Mabibo, ule mtandao wa jinsia Tanzania, kwenye zile semina za jinsia na maendeleo. Mi nimehudhuria nikiwa sina hata senti, unakaa na mama ntilie, mwanachuo, mstaafu, watu wanabishana mambo ya bajeti na maji ya mtaani kwao. Nimejifunza pale kubishana bila kugombana.

Wa Turkana

Niaje watu wa Bongo, niruhusuni niweke neno kutoka Kenya. Mimi niko upande wa Kakuma, ile kambi ya wakimbizi tangu 1992, na Kalobeyei hapo jirani. Dada, ukiona hizi kazi kubwa kubwa za kimataifa zinang'aa, kuja kambini ndo ujue. Hapa mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya wanaingia darasa moja, huyu analipwa mshahara, yule anapewa kitu inaitwa insentivu, pesa kidogo sana, juu karatasi zake haziruhusu mshahara. Kazi ni ile ile. Mwanzo niliona ni mambo ya sheria tu, sikuingilia. Siku moja jamaa tunafanya naye kazi, Mkongomani, Kiswahili chake kitamu kutushinda wote, alinikopesha pesa ya soda. Yeye kunikopesha mimi! Sikulala vizuri hiyo siku.

Sikuambii usije, nakuambia kuna maswali hautakuta kwenye noti za shule. Na msaada ulivyokatwa hapa ilikuwa mgao wa chakula ndo unapungua, watu waliandamana, na wanaotukanwa ni sisi wadogo wa chini sio wakubwa wa Nairobi. Jiandae na hiyo. Sheria yetu mpya ya mashirika, ile ya 2013, ilikaa kwenye droo mpaka Mei 2024 ndo ikaanza kufanya kazi, so usidhani ni nyinyi tu mnasubiri.

Kobo_Kobo

Wamesema wakubwa, mimi naongeza ya mikononi tu. Fungua akaunti ya KoboToolbox mtandaoni, ni programu ya kukusanya majibu ya dodoso, kisha pakua KoboCollect kwenye simu yako ya Android, kuanza nayo huhitaji hela. Tengeneza dodoso la maswali kumi, kahoji majirani kumi kuhusu chochote hata takataka, lete kwenye Eksel, toa jedwali moja. Ukirudia mara tatu utakuwa unawazidi watu nimewakuta wana masta. Kwenye fildi kosa kubwa la makarani wa dodoso ni kujaza wenyewe kivulini, wanasema huyu nyumba yake inafanana na ile ya jana. Mimi nikiona majibu 15 yameingia ndani ya saa moja kijiji ambacho nyumba na nyumba ni kilomita, nampigia mtu simu, "uko kwenye mti gani?"

Kijiti

Uko kwenye mti gani 😂😂 mmenikumbusha sensa.

Mama Andiko

@Kobo_Kobo hapo umenimaliza. Ila usisahau kumwambia kuomba ruhusa, usimhoji mtu mambo yake ya ndani kwa mazoezi, takataka sawa, ndoa hapana.

Sauti ya Njombe

Mi nauliza tu kama mwanafunzi pia, wakuu mbona hakuna aliyegusa mambo ya msaada wa kisheria? Kuna wasaidizi wa kisheria vijijini, sheria ipo tangu 2017, mama yangu mdogo ni mmoja wao, kesi za mirathi na ardhi anazisuluhisha barazani kwake huku anamenya viazi. Yeye hakusoma chuo ila kila afisa anayekuja anaanzia kwake. Nadhani kuna watu kama hao kila kijiji na hawaandikwi kwenye tangazo lolote la ajira.

AMJ_Kata

@Sauti ya Njombe umegusa penyewe. Kwangu ninaye mmoja, siku akiumwa ofisi yangu inajaa.

BintiFildi

Wakuu nimesoma yote mara mbili mbili, asanteni, hata Kijiti.

Nimefanya vitu viwili. Kwanza nimempigia yule mama mwenyekiti, nikamuomba kama likizo naweza kwenda kukaa nao mwezi mmoja nimsaidie mweka hazina kupanga kitabu, maana wanakaribia mwisho wa mzunguko, wanagawana. Akasema njoo ila chakula utapika mwenyewe, na sanduku utahesabu lakini hutalishika. Nkamwambia sawa mama. Akaniuliza kama yule mwenye mkasi wa kufuli anakuja na mimi, tukacheka sana. Kumbe mradi wa lile shirika pale kijijini uliisha mwezi uliopita, gari halijarudi tena, wao Alhamisi wanaendelea kama kawaida.

Pili nimeandika ule ukurasa mmoja alioniambia Mama Andiko. Nikamsomea mzee jana usiku, nilijua ataanza na pensheni. Alisikiliza mpaka mwisho, kakaa kimya akauliza, "na hao wenye funguo wanachaguliwa kila mwaka au ndo hao hao?" Nikamwambia kila mzunguko wanapigiwa kura upya, na ndugu wawili hawaruhusiwi kushika pamoja. Akatingisha kichwa, akasema sisi SACCOS yetu ya walimu ufunguo ulikuwa mmoja, akaingia ndani kulala. Asubuhi nimekuta ule ukurasa kausahihisha kwa kalamu nyekundu, makosa manne ya tahajia na hesabu moja nilijumlisha vibaya.

kapuku01

Huyo mzee naye apewe ufunguo.